Kikuku cha Nyigu

Siku walipoletwa watu wa Bonde la Lwangalo, Mwalimu Asukenye alikuwa darasani na mjusi amemganda kiganjani.

"Msimtazame mjusi," aliwaambia wanafunzi. "Tazameni wayo wake. Hana gundi, wala hana kucha za kushika kioo. Ana vinyweleo, maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kimepasuka nchani mara mamia. Haya, nani ataniambia tuibe nini hapa?"

Kuiba ndilo lilikuwa neno lake. Kwa miaka ishirini na sita, katika Chuo cha Usanifu wa Maumbile kwenye miteremko ya Rungwe, alikuwa amewafundisha watoto wa watu kuwaibia wadudu, majani na samaki. Paa la darasa lile lilipumua kama kichuguu, hewa ya moto ikitokea juu na ya baridi ikiingilia chini. Maji ya kunywa yalidondoka kutoka kwenye neti za kunasa ukungu, ujanja uliochukuliwa mgongoni mwa mbawakawa wa jangwani. Nchi nzima ilikuwa ikiishi kwa wizi wa namna hiyo, na wengi wa wezi walikuwa wamepita mikononi mwake.

Kabla mtu hajajibu, malori yalinguruma getini. Uwanja wa michezo wa chuo ulikuwa umeazimwa na Mamlaka ya Uhamisho kwa ajili ya watu wa bondeni, ambako ziwa lilikuwa limepanda mwaka baada ya mwaka, mpaka tuta la udongo lililojengwa kulizuia likaanza kuvuja. Wanafunzi walikimbilia dirishani.

Watu walikuwa wakishuka mmoja mmoja, kila mmoja ana kikuku cheupe mkononi, wanashikana mikono kwa safu ndefu, na safu nzima inaongozwa na mfanyakazi mmoja aliyemshika wa mbele kwa vidole viwili tu. Hakuna aliyesukuma. Hakuna aliyegeuka kuangalia mzigo wake. Waliolia ni watoto wachanga peke yao, ambao hawakuwa wamevalishwa.

"Ni vikuku vyetu hivyo, Mwalimu?" aliuliza Mbonea, msichana wa mwaka wa tatu aliyekuwa akimsaidia darasani.

"Ni vyetu," alijibu Asukenye, na hatutamficha: kifua chake kilijaa fahari.

Alimrudisha mjusi kwenye sanduku lake akateremka uwanjani, maana huko Lwangalo alikuwa na dada yake wa tumbo moja, Sekela. Huyu alikuwa mwanamke ambaye ukoo mzima ulimwogopa. Baba yao alipofariki, wajomba walikuja na maneno yao ya kugawana shamba la kakao. Sekela akaketi katikati ya njia na panga mapajani, akawaambia wapite. Hawakupita. Mara tatu Mamlaka walikwenda kumwambia ahame, na mara tatu aliwakaribisha chai na kuwasindikiza hadi barabarani.

Alimkuta katika safu ya nne, amesimama juani. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni na hakulifuta.

"Ugonile, dada," Asukenye alimwamkia kwa kilugha chao.

"Ndaga, Asu. Ugonile."

Sauti ilikuwa yake. Macho yalimfuata, yakamtambua, yakalowa kidogo.

"Mbona unasimama juani? Sogea kivulini, kile pale."

"Ndiyo. Jua ni kali sana."

Hakusogea. Asukenye alisubiri, akicheka kidogo kama mtu anayengoja mwenzake amalize utani. Mwishowe alimshika mkono. Papo hapo dada yake akatembea, mwepesi kama ndama aliyefungwa kamba, mpaka chini ya turubai. Alipomwachia, alisimama pale pale alipoachiwa.

Mwalimu aliuliza: "Shemeji yuko wapi? Yupo lori gani?"

"Yuko nyumbani."

Mume wa Sekela, Mzee Kalumbulu, alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka juzi. Hakuweza kujigeuza kitandani; maji aliyanywa tu kutoka mtungi aliowekewa kando ya mkono wake mzima.

"Nyumbani wapi, dada?"

"Kwetu. Lwangalo. Kitandani."

"Nani anamwangalia?"

"Hakuna."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne ya wiki iliyopita, waliponivalisha," alisema Sekela kwa upole uleule. "Nilikuwa nimetoka kuchota maji. Hawakuniuliza kama kuna mtu ndani."

*

Kikuku hicho kilizaliwa katika somo la kawaida tu, miaka sita nyuma. Asukenye alikuwa ameleta sanduku la kioo lenye nyigu mmoja wa kijani na mende mmoja mkubwa. Nyigu alimchoma mende kifuani, miguu ya mbele ikalegea. Kisha akamchoma mara ya pili chini ya kichwa, taratibu, akipapasa kwa ncha ya mwiba kama daktari anayetafuta mshipa. Baada ya hapo mende hakufa. Hakupooza pia. Ukimgeuza alijigeuza, ukimsukuma alikwenda. Alichopoteza ni kile kitu kidogo kinachomfanya kiumbe aanze. Nyigu alimshika kipapasio, akamwongoza hadi kwenye shimo, na mende akaingia kaburini kwa miguu yake mwenyewe.

Msichana mmoja wa mbele, Ikupa Mwaijande, aliinua mkono.

"Mwalimu, mende anateseka?"

"Hapa hatumwulizi mende," Asukenye alimjibu. "Tunamwuliza nyigu amewezaje."

Wanafunzi walicheka, wakaandika. Ikupa naye aliandika. Alikuwa na sababu ya kuandika kwa bidii kuliko wenzake: mama yake na kaka yake walikufa kwenye daraja la Mbwiga, siku mlima ulipomeguka na watu mia tatu wakakanyagana wakikimbia tope ambalo, mwishowe, halikufika darajani. Hofu ndiyo iliyowaua. Ikupa alitaka kuitoa hofu miguuni mwa watu.

Miaka mitatu baadaye alileta kikuku. Ndani yake kulikuwa na sindano mia moja, nyembamba kama mrija wa mbu, ambazo mtu hazihisi zikiingia. Ziliingiza dawa mfano wa sumu ya nyigu, kidogo kidogo. Aliyevaa aliona, alisikia, alijibu, alitembea akiongozwa. Hakuweza tu kuanza jambo kwa nafsi yake, na kukimbia ni kuanza. Muda wa mwisho ulioandikwa kwenye fomu ya Kamati ya Maadili ulikuwa saa moja. Ikupa mwenyewe alikivaa saa hiyo moja mbele ya kamati na kutoka akitabasamu. Saini ya kwanza chini ya fomu ilikuwa ya Asukenye.

Sasa Ikupa alikuwa msimamizi wa vikuku wa Mamlaka. Mwalimu alimkuta kwenye hema la vifaa, kwenye kona ya uwanja, akihesabu visanduku.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Siku nane, Ikupa."

Tabasamu la msichana lilififia. "Barabara ilikatika. Tulikwama nao kwenye kituo cha kukusanyia. Tungewavua pale, wangerudi majumbani, na tuta linavuja."

"Fomu ilisema saa moja."

"Fomu haikujua ziwa, Mwalimu. Tumewatoa watu elfu mbili na mia tisa. Hakuna hata mmoja aliyekanyagwa. Hata mmoja! Unajua hilo ni nini kwangu."

"Najua. Sasa njoo umsikilize dada yangu."

Alimsimulia habari za Mzee Kalumbulu. Ikupa alisikiliza akiwa amekishika kisanduku kifuani, kisha akakiweka chini.

"Angesema," alinong'ona. "Wanaweza kusema. Mimi nilipovaa niliongea vizuri tu."

"Uliongea kwa kuwa tulikuuliza maswali. Kuna aliyewauliza hawa?"

Mezani, kando ya visanduku, palikuwa na rundo la karatasi. Asukenye aliichukua ya juu. Ilikuwa hati ya kukubali kuachia ardhi ya Lwangalo moja kwa moja, na chini yake alama ya dole gumba, safi, isiyotetemeka.

"Na hizi?"

"Wameelezwa kwanza. Wote wamekubali."

"Wote?"

Ikupa alilipanga rundo upya.

"Mtoto wangu," alisema Asukenye, "kukataa nako ni kuanza."

*

Mkuu wa Uhamisho aliitwa Bi Mkami, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Hakuwa mkatili. Alimpa mwalimu kiti, akaagiza chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana kwa shemeji yako," alisema. "Lakini sitatuma gari bondeni. Mafundi wananiambia tuta linaweza kupasuka leo, linaweza kupasuka Jumapili. Siwezi kumpeleka dereva mwenye watoto akamtafute mzee ambaye yamkini ameshatutangulia."

"Basi wavue watu vikuku. Wenye watu wao watakwenda wenyewe."

"Na wasio na watu watafuata magodoro, kuku na makaburi. Mwalimu, mwaka jana tulihamisha kijiji cha Isaka kwa kubembeleza. Tulizika sitini. Mwaka huu sijazika mtu." Alisogeza kikombe. "Kuna jambo jingine. Makazi mapya hayatakuwa tayari kabla ya miezi mitatu. Dawa hii inaanza kuzoeleka mwilini baada ya wiki mbili. Nataka wewe na wanafunzi wako mnitengenezee itakayodumu miezi mitatu. Maabara mnayo, na nyigu mnao."

Asukenye alitazama nje. Uwanja mzima ulikuwa umeketi kwa safu, watu elfu mbili na mia tisa, na walinzi wanne tu, wawili kati yao wamesinzia.

"Ukikataa," Bi Mkami aliongeza bila kupandisha sauti, "nitampa kazi hiyo mtu mwingine, na atakuwa amefundishwa na wewe."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma kuliko tishio lolote.

Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, hakuingia darasani. Aliwakusanya wanafunzi wote wa mwaka wa pili na wa tatu, thelathini na wanane, akawapeleka uwanjani na madaftari yao.

"Miaka yote nimewafundisha kuuliza inafanyaje kazi," aliwaambia. "Leo mtauliza inafanya nini. Kila mmoja achukue safu. Mwulize kila mtu maswali mawili: unaumwa wapi, na umeacha nani nyumbani. Andikeni wanavyosema, msipambe."

Wengine walidhani ni kazi ya nusu saa. Walimaliza saa sita mchana. Mbonea alisoma ya kwake kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Mwanamke wa safu ya saba aliketishwa karibu na jiko la uji. Kidole cha mguu kiliungua mpaka kikabadilika rangi, naye alikuwa akikitazama tu, akingoja apite mtu wa kumwuliza. Mama mwingine alikuwa ananyonyesha, titi limevimba usaha, hakuwa amemwambia mtu. Kisha wakaorodhesha walioachwa. Walikuwa kumi na wanne. Bibi wawili vipofu. Mtu mwenye kifafa aliyefungiwa chumbani kwa usalama wake. Mtoto wa miaka minne aliyekuwa amejificha darini akidhani ni mchezo. Mzee Kalumbulu.

Ikupa alikuwa amesimama nyuma yao. Hakuna aliyemwona alipofika. Aliposikia habari za mtoto wa darini aliketi chini kwenye majani.

"Dawa ya kuzindua ipo?" aliuliza baadaye kidogo.

"Ipo maabara," alisema Asukenye. "Uliitengeneza mwenyewe mwaka wako wa mwisho. Ukasema haitahitajika."

Ikupa alivua mkufu shingoni. Ulikuwa na ufunguo mdogo wa sumaku, wa kufungulia vikuku. Hakumpa. Aliuning'iniza tu hewani kati yao.

"Tukiwazindua watakwenda bondeni, Mwalimu. Na maji yakija yakiwakuta huko?"

"Watakuwa wamekufa."

"Na tusipowazindua, wale kumi na wanne?"

"Watakuwa wamekufa pia. Na hawa watakuwa hai, wakitazama."

Ilikuwa hivyo tu, na hakuna somo alilowahi kufundisha lililokuwa na jibu la hesabu hiyo. Asukenye alikwenda kwa dada yake, akachuchumaa mbele yake.

"Dada, unataka nikuvue hiki?"

Sekela alimtazama kwa muda. Midomo ilicheza, ikatulia. "Ukitaka, Asu," alisema.

Alilia hapo. Kisha akamwita Ikupa na ufunguo.

*

Dawa ya kuzindua huchukua dakika kumi. Sekela alianza kwa kupumua haraka. Halafu alifuta jasho usoni, tendo dogo, na mwalimu alishusha pumzi kwa kuliona. Halafu akapiga ukelele.

Haukuwa ukelele wa maumivu. Ulikuwa wa siku tisa, uliokuwa umekaa tumboni ukisubiri mlango. Walinzi waliamka. Watu wa safu zote waligeuza macho, macho tu. Alipomaliza, alimkamata mdogo wake kwa kola ya shati.

"Nilikuwa namwita," alisema. "Asu, humu ndani nilikuwa namwita mume wangu usiku na mchana. Nilijiambia, Sekela, inuka. Inuka, mwanamke! Na mguu ninauona, ni wangu, hautaki." Alimwachia. "Ni nani aliyebuni kitu hiki?"

Ikupa alifungua mdomo. Asukenye alimtangulia. "Ni sisi. Mimi ndiye niliyetia saini."

Sekela alimtazama kwa namna ambayo hakuisahau maisha yake yote. Hakumpiga. Alijifunga kanga kiunoni.

"Nakwenda kumtoa."

"Nakwenda nawe."

"Wewe kaa hapa uwazindue wenzangu. Nimesikia wale watoto wakiuliza. Kuna walioacha watu kama mimi." Alikuwa tayari anafunga kamba za viatu. "Lakini nipe wabebaji. Kalumbulu ni mzito, na wale wagonjwa hawatapanda mlima kwa miguu yao."

Hapo ndipo Mwalimu Asukenye alipofanya kitu ambacho baadaye alikipima kila siku. Waliwazindua kwanza wenye watu walioachwa. Kisha alipita kwenye safu akichagua kwa macho, kama mtu anayechagua mbao: huyu ana mabega, yule ni kijana, huyu anafaa. Katika safu ya kumi alimgusa bega kijana mmoja mrefu aliyekuwa ameketi kando ya mama yake. Jina lake Angetile. Hakuwa ameacha mtu yeyote Lwangalo.

"Tunahitaji wabebaji," mwalimu alimwambia alipozinduka. "Si lazima."

Angetile alijinyoosha, akacheka kwa furaha ya kuona mikono yake inamtii. "Nitakwenda. Mama, nakwenda mara moja narudi. Narudi nikuvue mimi mwenyewe." Mama yake alikuwa bado na kikuku. Alimtazama mwanawe usoni bila kusema kitu.

Walinzi wanne hawakuwa na la kufanya mbele ya watu sitini na mmoja waliokuwa wamesimama kwa miguu yao. Mmoja wao alifungua geti mwenyewe. Wakateremka njia ya miguu, mwendo wa siku nzima, Sekela mbele, na hakugeuka nyuma.

Bi Mkami alipopata habari alikuja uwanjani akikimbia, viatu mkononi. Aliangalia geti lililo wazi, akaangalia safu zenye mapengo. Kisha akawaamuru walinzi wamnyang'anye mwalimu sindano na kumfungia ofisini, wakamtaka na Ikupa atoe ufunguo. Ikupa alisema ameupoteza.

*

Tuta lilipasuka Jumamosi, saa nne asubuhi. Chuoni waliusikia mlio wake kama lori linalomwaga mawe, ila haukukoma. Bi Mkami alimfungulia Asukenye mlango kwa mkono wake na kumwambia maneno mawili tu: "Njoo uone."

Walisimama kwenye ukingo wa barabara, mahali njia ya bondeni inapopandia. Chini yao Lwangalo ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Vichwa vya michikichi vilionekana, na mapaa mawili. Watu walikuwa wakipanda wakiwa wametapakaa tope, na Mbonea alikuwa akiandika majina yao huku machozi yakimdondokea daftarini.

Walipanda kumi na tisa kati ya sitini na mmoja. Waliwaleta watano kati ya wale kumi na wanne. Mtoto wa darini alikuwamo, amefungwa mgongoni mwa mama yake, hai, macho makavu kama ya mtu mzima. Bibi mmoja kipofu. Wengine watatu.

Mmoja wa wabebaji alimtambua mwalimu. "Dada yako tulimwacha nyumbani kwake," alisema akihema. "Mzee alikuwa hai. Kweli tena, alikuwa hai, anapumua. Alikataa tumbebe kabla hajamwosha na kumnywesha uji. Alisema siku zote hizi amelala kwenye uchafu, hatatoka mbele za watu hivyo. Tukamwambia muda hakuna. Akatuambia tutangulie."

Asukenye alikaa chini kandokando ya barabara. Alimwona Sekela na beseni la maji, na kitambaa, akiwasindikiza mlangoni watu wa kumharakisha. Hakuweza kusema kwamba amekosea.

Bi Mkami alikaa kando yake. Kwa muda mrefu walitazama maji pamoja, kama ndugu waliofiwa.

"Arobaini na wawili," alisema mama yule mwishowe. "Mimi nilikuwa sijazika mtu."

"Watano wako hai."

"Ndiyo. Na wewe utakwenda kuwaambia arobaini na wawili hesabu hiyo?" Alipangusa suruali, akasimama. "Polisi watafika kesho, barabara ikifunguliwa. Sitakufungia tena. Huna pa kwenda."

Alikwenda na walinzi wake kuwapelekea machela wa mwisho wa wale kumi na tisa, waliokuwa bado mteremkoni.

*

Uwanjani safu zilikuwa zimeketi kama zilivyokuwa. Mlio wa maji ulikuwa umewafikia, na kila mmoja aliyekuwa pale alijua maana yake. Nyuso zilikuwa zimelowa, mikono imetulia mapajani. Watu elfu mbili na mia nane wakiomboleza bila kunyanyua hata kiganja cha kujifuta.

Ikupa alikuwa kwenye ngazi za maabara, mkufu wa ufunguo umemzunguka vidoleni.

"Tuache, Mwalimu," alisema. "Nakuomba. Wameshapoteza kila kitu. Angalau kwenye kikuku hakuna anayejirusha mtoni, hakuna anayejinyonga. Tuwaache mpaka wiki mbili zitimie, dawa ijiishie yenyewe."

"Umewauliza?"

"Huwezi kuwauliza! Ndilo tatizo!" Sauti yake ilipasuka. "Ukiwazindua umewaamulia. Ukiwaacha umewaamulia. Sasa mimi nifanye nini?"

Asukenye aliketi ngazi moja chini yake. Ikupa alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na uso wake siku ile ulikuwa wa bibi.

"Sijui," alimwambia. "Ningekuwa najua ningekufundisha zamani. Mimi naenda kuwazindua, na dada aliyenituma hayupo. Usinifuate kwa kuwa nimesema. Kama utakuja, uje kwa kuwa umeona."

Ikupa aliweka ufunguo kwenye ngazi, kati yao, akaondoka kuelekea getini. Mwalimu hakumwita.

Alipoingia uwanjani na trei ya sindano, Mbonea na wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wanamngoja. Wengine walikuwa wamebaki mabwenini, na hakuwalaumu. Aliwagawia safu zao. Ya kumi akaichukua mwenyewe.

Mama Angetile alikuwa mahali palepale. Pengo la mwanawe lilikuwa kando yake, na majani yalikuwa yameshaanza kuinuka pale alipokuwa amekaa. Asukenye alipiga magoti. Alifungua kikuku, akachoma sindano, akangoja dakika kumi bila kuondoa macho yake usoni pa yule mama, maana alijiona hana haki ya kutazama pengine.

Mama alivuta pumzi. Alikunja vidole, akavikunjua.

"Mama," alisema Asukenye, "mimi ndiye niliyemchukua kijana wako. Hakuwa na mtu kule. Nilimchagua kwa sababu ana nguvu. Hakupanda."

"Najua," alisema mama. "Niliwasikia mkihesabu."

Alitafuta mkongojo wake kwa mkono, akaupata, akausimika ardhini.

"Alipokuwa anaondoka nilikuwa na neno la kumwambia," alisema. "Lilikuwa hapa. Lilifika mpaka kwenye meno."

"Neno gani, mama?"

Mama Angetile alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile sura yake ilikuwa na kitu ndani.

"Halikuwa lako," alisema. "Nipishe."

Mwalimu Asukenye alisogea. Mama akajiinua kwa mkongojo, taratibu, goti moja kisha la pili, akapita mbele yake kuelekea ukingo wa barabara ambako maji yalionekana. Mwalimu alimtazama mpaka alipofika getini, kisha akachukua sindano nyingine, akasogea kwa mtu aliyefuata.